Taa yako ndo inakupofusha: niliyojifunza kwenye kuvua usiku

Giza lenyewe halijawahi kunitisha sana kwenye maji, taa ndo zinanitisha. Taa zangu, za wenzangu, za meli, na zile za nchi kavu zinazometameta kwa mbali mpaka hujui kipi ni nyumba na kipi ni chombo kinakuja. Nilikuwa nimevua mchana kwa miaka kabla sijaanza kutoka usiku, boti naijua, mashine naifungua na kuifunga mwenyewe, nikajua usiku ni kazi ileile ila unabeba tochi. Kumbe sivyo kabisa. Na kwa vile naona watu wengi siku hizi wanapata boti ndogo ya faiba na kukimbilia usiku moja kwa moja maana ndo samaki wapo, naandika niliyopitia, mengine ni ya aibu kidogo lakini acha niseme tu.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, mtu wa karabai tangu ujana wake kabla hizi taa za LED hazijaja. Kitu cha kwanza alichonionesha hakikuwa kwenye boti, kilikuwa kwenye kalenda. Sisi tunaovua kwa taa tunataka usiku wa giza, mwezi ukiwepo samaki wanatawanyika na taa yako haivuti kitu. Sasa usiku wa giza totoro ni ule mwezi unapoandama, na mwezi unapoandama ndo bamvua linakuja siku moja mbili baadaye, maji yanajaa sana na kupwa sana na mkondo unakimbia kuliko siku nyingine. Yaani kwa wavuaji wa baharini usiku tunaoutaka sisi kwa ajili ya samaki ndo uleule huoni kitu na maji yana nguvu kuliko kawaida, vyote pamoja. Akaniambia, "Mpwa wangu, usiku mzuri wa samaki haujawahi kuwa usiku mzuri wa boti." Tangu hapo kabla ya kutoka naangalia saa za maji kwanza, halafu upepo, halafu ndo nafikiria chambo. Na upepo usiku unabadilika, mara nyingi jua likishazama nchi kavu inapoa haraka kuliko maji na upepo unaanza kutoka nchini kwenda baharini, sasa wewe uliyetoka jioni maji yametulia kama yamelala hujui hilo, ukiwa mbali upepo huo unakusukuma nje zaidi, na ukikutana na mkondo unaokuja upande wa pili mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima, boti ndogo inateseka sana hapo.

Sasa macho. Hili nalisema kwa urefu maana ndo lilinichukua muda mrefu kulielewa.

Macho ya binadamu yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 gizani ndo yaanze kuona vizuri, na taa kali ya sekunde chache tu inakurudisha mwanzo. Mimi nilikuwa na tochi ya kichwani, kali kweli, nilijivunia, naiwasha kufunga ndoana, naiwasha kutafuta kisu, naiwasha kila mtu akinisemesha namgeukia nayo usoni. Mjomba alivumilia vumilia mwishowe akaninyang'anya akaitia mfukoni mwake. Ndani ya nusu saa nikaanza kuona vitu ambavyo sikuwahi kujua vipo, mstari wa upeo, povu la mwamba kwa mbali, mtumbwi wa jamaa asiye na taa kabisa kapita mita chache kutoka kwetu, na hapo ndo nikajiuliza ni wangapi wamepita hivyo huko nyuma mimi nikiwa nimejipofusha kwa mwanga wangu mwenyewe. Mtumbwi ule ulinikosesha raha usiku mzima.

Tochi nikarudishiwa baadaye nikiwa nimebandika plastiki nyekundu mbele. Mwanga mwekundu hafifu hauharibu macho sana, ila ujue kwamba ramani yenye maandishi mekundu huwezi kuyaona chini ya taa nyekundu, yanapotea, kwa hiyo kama unatumia ramani ya karatasi angalia hilo. Na skrini ya GPS ina sehemu ya usiku, iweke hapo na upunguze mwanga mpaka mwisho kabisa, simu vilevile. Kuna mtu atakaa nyuma anaangalia video kwenye simu mwanga umejaa halafu ndo huyohuyo unamwambia aangalie mbele, hafai kwa chochote huyo kwa nusu saa inayofuata. Jingine dogo, ukitaka kuona kitu hafifu gizani usikikazie macho moja kwa moja, angalia pembeni yake kidogo, kitatokea. Na ukikodolea taa moja peke yake gizani kwa muda itaanza kuonekana inatembea hata kama imesimama, kwa hiyo hamisha macho, zungusha kichwa, usigande.

Tukija kwenye taa za chombo sasa. Kuna kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, zinasema mpaka vipimo. Boti ya mashine iliyo chini ya mita 12 inatosha kuwa na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia. Kama iko chini ya mita 7 na mwendo wake hauzidi noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, inaruhusiwa nyeupe peke yake, lakini ukiweza weka na zile za rangi. Nyeupe ionekane maili 2, za rangi maili 1. Mtumbwi wa makasia angalau uwe na tochi karibu ya kuonyesha mapema. Hiyo ndo kanuni ya kimataifa, na ulipo wewe panaweza kuwa na ya ziada, kaulize.

Lakini kanuni haikuambii pa kuiweka ili isikuue wewe. Yetu nyeupe ilifungwa chini sana, nyuma ya anayeshika usukani, akisimama mwili unaiziba kwa upande wa mbele, akikaa inampiga kisogoni na mwanga unaangukia boti nzima mbele yake, rangi nyeupe ya faiba inang'aa na huoni nje. Tulikuja kuipandisha kwenye mti mrefu juu ya vichwa, na pale omoni, yaani mbele ya boti, karibu na taa za rangi tukapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kazi ya siku moja na rangi iliyobaki ya mtu. Sikuwahi kufanya kitu rahisi kilichonisaidia hivyo.

Halafu hili watu wengi hawalijui: ukizima mashine ukawa unaelea tu bila nanga, kikanuni bado uko safarini, unatakiwa taa zako za mwendo ziwake. Ukishatupa nanga ndo unazima nyekundu na kijani unabaki na nyeupe. Nimeona boti nyingi ziko kwenye nanga na taa zote zinawaka, mwenye chombo kingine anakaa anasubiri usogee na wewe husogei.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe ulionifundisha hayo. Tulikuwa kwenye nanga, taa za kuvutia samaki zimewaka pembeni ya boti kali kweli, samaki wamepanda, kila mtu kainama na mshipi wake. Nikasikia mashine. Nikanyanyua kichwa, sioni kitu, kote nje ya mwanga wetu ni ukuta mweusi. Sauti inakuja. Nikajisemea si atatuona, taa zote hizi? Mjomba kumbe yeye alishaanza kuhangaika na swichi. Akazima taa za samaki zote kwa mkupuo mmoja, akachukua tochi kubwa akamulika upande wa boti yetu wenyewe, faiba nyeupe ikang'aa, na hapo ndo tukaona ile boti ya mbio ikipinda, maji yake yakaturushia ndoo zote. Jamaa alirudi kuomba radhi, na alichosema sijakisahau: aliona mwanga wetu muda mrefu sana, ila nyuma yetu kulikuwa na taa za nchi kavu, akajua na sisi ni taa ya nchini. Taa yetu nyeupe ya nanga ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ila imemezwa na zile za samaki, hakuna ambaye angeitofautisha. Ile kanuni inakataza kabisa taa nyingine zinazofunika taa za chombo au zinazokuzuia kuangalia nje, nilikuja kuisoma baadaye mwili ukanisisimka.

Kwa hiyo tangu usiku ule tuna swichi moja inayozima taa za samaki zote, iko karibu na mkono wa aliye macho, na taa zenyewe tumezifunika kwa juu na kwa ndani zimulike maji tu. Na kuna mtu mmoja havui. Zamu. Anakaa mbele kaipa taa mgongo, kazi yake ni macho na masikio. Mwanzoni kila mtu alilalamika maana mshipi mmoja unapungua, samaki wanapungua, na ni kweli wanapungua, siwezi kukudanganya. Na kuhusu tochi kubwa, ukitaka mtu akuone mulika boti yako mwenyewe, usimmulike machoni, utampofusha na ndo atakupanda juu vizuri. Filimbi ama honi iwepo pia, milio mitano mifupi maana yake sielewi unachofanya au una uhakika wewe? kila baharia anaijua.

Meli kubwa ni habari nyingine. Yule mwenye boti ya mbio anaweza kupinda, meli haipindi kwa ajili yako, ikiwa imepakia inaweza kuhitaji maili nzima au zaidi kusimama, na mbele ya omo yake kuna eneo kubwa ambalo aliye darajani, yaani anayeiongoza kule juu, hakuoni kabisa. Ukikaa kwenye boti ndogo macho yako yako mita moja na nusu hivi juu ya maji, upeo wako ni kama maili mbili na nusu tu. Meli inayokwenda noti 20 inakula maili moja kwa dakika 3. Piga hesabu mwenyewe, dakika ngapi tangu uone ubavu wake mpaka ikufikie wakati wewe unahangaika kutoa samaki kwenye ndoana.

Kusoma taa zake si vigumu. Meli kubwa ina taa mbili nyeupe za mlingoti, ya mbele iko chini na ya nyuma iko juu. Zikiwa zimeachana unaiona ubavu. Zikianza kukaribiana inakugeukia. Zikisimama moja juu ya nyingine na unaona nyekundu na kijani kwa pamoja, basi wewe ndo uko kwenye njia yake, ondoka, na ondoka kwa kupinda kwingi kunakoonekana, si kidogo kidogo. Kwa taa nyingine yoyote iangalie kwa dira, au kama boti yako imeshika uelekeo mmoja ilinganishe na nguzo ya boti. Ikisogea mbele au nyuma ya nguzo mtapishana. Ikibaki palepale huku inakua, mnagongana. Mimi kuna moja niliiangalia muda nikaifananisha na nyota ya chini, imetulia tu haisogei, na kutulia kule ndo kulinipa amani ya bure! Mjomba ndo alishtuka tukang'oa nanga.

Taa nyekundu juu ya nyeupe ni mvuvi mwenzako ana nyavu majini, kijani juu ya nyeupe anakokota wavu, usipite karibu nyuma yake. Wewe mwenye mishipi miwili ya kukokota huku unatembea huna haki ya kuwasha hizo, kikanuni hauhesabiwi. Na nyeupe mbili au tatu zimepangana wima kwenye chombo kimoja, hiyo ni tagi, chombo cha kuvuta vingine, inavuta kitu, tatu ikiwa kamba na kinachovutwa vinazidi mita 200. Usipite katikati ya tagi na taa zile hafifu zinazomfuata nyuma, kuna kamba ya chuma hapo, huwezi kuiona.

Sasa binamu yangu.

Hakuna dhoruba, hakuna wimbi, usiku umetulia. Binamu alienda tezi, yaani nyuma ya boti, kukojoa, kasimama, mkono mmoja tu ndo kashika, kuna chombo kilipita mbali muda kidogo kabla na mawimbi yake yakatufikia. Tukasikia chubwi. Nikageuka hakuna mtu. Na hapo ndo nikaelewa kwamba boti yetu iliyojaa mwanga ilikuwa haina faida yoyote, nje ya ule mduara mweupe wa maji hakuna kitu, nikachukua tochi kali nikaanza kuzungusha hovyo, mwanga unarudi kwangu kwenye maji na unyevu, sioni. Mkondo wa bamvua unampeleka na sisi tuko kwenye nanga tumesimama. Mimi napiga kelele jina lake, na kelele zangu ndo zilikuwa zinamfunika.

Mjomba akazima kila kitu akabakisha taa ya nanga. Akasema "Nyamaza!" kwa sauti ambayo hajawahi kunitolea. Tukanyamaza. Ukimya ule sitaki hata kuuelezea. Halafu tukasikia filimbi, hafifu, kwa nyuma upande wa kulia, wala si nilikokuwa namulika mimi. Mjomba akanyoosha mkono kuelekea ile sauti na hakuushusha tena mpaka mwisho, mimi ndo nikashika mashine. Nanga hatukuing'oa, amari, yaani kamba ya nanga, ilikatwa kwa kisu ikaenda, tungefunga boya kwenye ncha tungeirudia lakini boya lilikuwa chini ya makapu, nanga yetu nzuri mpaka leo iko huko chini. Tulipokaribia tukawasha tochi na ile mistari inayong'aa kwenye laifu jaketi ikarudisha mwanga papo hapo, kichwa chenyewe hatukukiona, tuliona mistari tu.

Alikuwa na laifu jaketi kwa sababu moja tu, mjomba hapeleki boti mtu akiwa hajavaa, na tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Filimbi ilikuwa imefungwa kwenye jaketi. Taa ndogo ya jaketi haikuwaka, betri ilikufa zamani, hakuna aliyewahi kuijaribu. Kumtoa majini ndo ilikuwa kazi nyingine, mtu aliyelowa ni mzito na mikono inateleza, hatukuwa na ngazi, tulizima mashine kabisa kabla hajafika karibu na panga la mashine linalozunguka majini, halafu tukamfungia kamba yenye kitanzi akaweka mguu kama ngazi. Jifunze hilo la kitanzi nchi kavu, usilijaribu mara ya kwanza pale. Alitetemeka mpaka tunafika. Maji yakiwa baridi zaidi ya yale, dakika ya kwanza unahema bila kutaka na unaweza kumeza maji kabla hujaogelea hata mkono mmoja, kwa hiyo habari za mimi najua kuogelea ziache nyumbani.

Binamu alikaa muda mrefu bila kurudi majini usiku, na mimi nilirudi ila nilikuwa nasikia filimbi hata pasipo na filimbi. Vitu tulivyobadilisha baada ya hapo ni vya kawaida tu: kopo la kukojolea, na unakojoa umekaa au umepiga magoti, hakuna kusimama tezi. Ile kamba ya kuzimia mashine anayeendesha anaifunga mwilini hata kama tunaenda polepole, maana ukianguka peke yako boti inaendelea au inazunguka na kukurudia. Boya liko tayari limefungwa kwenye ncha ya amari muda wote. Ngazi ya kamba. Betri za taa za jaketi tunazijaribu nchi kavu. Na aliyeona mtu akianguka kazi yake ni moja, kunyoosha mkono na kutotoa macho, mwingine abonyeze kile kitufe cha mtu kaanguka kwenye GPS, mwingine arushe chochote kinachoelea chenye taa.

Nanga nayo kwa vile nimeitaja, ifunge omoni tu. Ukiifunga tezi ili boti ikae vizuri kwa kuvua, mkondo ukikaza tezi inazama chini na mawimbi yanaingia nyuma, na usiku hujui maji yanaingia mpaka miguu ilowe. Kamba iwe ndefu, mara tano mpaka saba ya kina. Na ukishatulia chagua taa mbili za nchi kavu zilizopangana, moja mbele ya nyingine, zikiachana ujue nanga inaburuta.

Mawasiliano. Redio ya mkononi ya VHF, chaneli 16, iwe mwilini mwako na si ndani ya boksi, maana ukiwa majini boksi liko kwenye boti. Unasema Mayday, neno la kuomba msaada wa hatari, mara tatu, jina la boti, uko wapi, shida gani, watu wangapi. Simu kwenye mfuko usioingiza maji, ni ya pili si ya kwanza. Na mtu wa nchi kavu mpe saa, saa kamili. Sisi tulikuwa tunamwambia dada "tunarudi alfajiri", siku moja samaki wakakolea tukarudi jua limeshapanda, tukakuta watu wametoka na boti mbili kututafuta. Mafuta yao tulilipa sisi, na tulistahili. Dada hakutusemesha siku nzima. Sasa anajua tumeelekea wapi, tunarudi saa ngapi, na ikipita saa ngapi apige simu kwa nani. Mafuta yetu wenyewe tunayagawa mafungu matatu, fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu ambalo haliguswi.

Kurudi ndo watu wanapolegea. Ndoo zimejaa, mmechoka, na kuanzia kama saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja mwili unataka kulala hata ungekunywa kahawa birika zima. Hapo mtu anafungua mashine mpaka mwisho afike haraka. Sisi mwendo wetu usiku ni ule ambao tunaweza kusimama ndani ya umbali tunaouona, na kama tunaona mita kumi basi ni mwendo wa mita kumi, hata ikichosha. Njia uliyoihifadhi kwenye GPS mchana inakuepusha na miamba, haikuonyeshi nyavu alizotega mtu jioni wala gogo lililoelea.

Maboya ya kuingilia yanapotea kwenye taa za nchi kavu, nyekundu ya boya na nyekundu ya gari barabarani huwezi kuzitenganisha kwa rangi. Yatenganishe kwa mwako, kila boya lina mpangilio wake umeandikwa kwenye ramani, hesabu sekunde. Na ukiwa ugenini uliza upande, sehemu kubwa ya dunia ukiingia bandarini boya jekundu unaliacha kushoto, ila nchi za Amerika, Japani, Korea na Ufilipino ni kinyume.

Na kama pale mlangoni pa kuingilia mawimbi yanavunja au ukungu umeshuka, hatuingii. Tunarudi nje kidogo pasipo njia ya meli, tunatupa nanga, taa nyeupe juu, na kwenye ukungu tunapiga honi au hata sufuria angalau kila baada ya dakika 2. Samaki wanaharibika kidogo, barafu inaisha, mnunuzi anakasirika na mara nyingine ameshanunua kwa wengine tunabaki na mzigo. Wawili wanalala, mmoja anakaa macho na jaketi lake, na zamu ya huyo mmoja haizidi saa moja, maana ikizidi na yeye analala.